Soseji ya moshi haianzi kwenye moshi

Watu wakinikuta nimekaa kando ya tanuri langu la moshi huniuliza habari za kuni. Kuni gani, moshi wa saa ngapi, mlango uwe wazi au ufungwe. Nawajibu, lakini swali lenyewe limechelewa kufika. Soseji inayotoka kwenye moshi ikiwa kavu, ukiitafuna inasagika mdomoni kama mchanga na chini yake kumetuama kidimbwi cha mafuta, mara nyingi iliharibika jana yake, kwenye mashine ya kusagia. Moshi unaipa rangi na harufu. Ulaini wake na usalama wake vinatoka kwenye baridi na kwenye mizani, na huko ndiko nitakaa zaidi.

Ninayoieleza ni soseji ya nguruwe yenye viungo, iliyokolezwa kwa chumvi ya nitriti, kisha ikapigwa moshi wa moto mpaka ikaiva ndani. Siyo ile inayotundikwa mbichi kwa wiki nyingi ikakauka polepole. Ile ina chumvi yake nyingine na inadai chumba chenye unyevu uliopimwa, kwa hiyo usiijaribu kwa maelekezo haya. Hii yetu, baada ya siku mbili, imeiva na inalika hata ikiwa ya baridi.

Anza na bega. Mjomba wangu, ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa buchani, alinifundisha kubonyeza mafuta kabla ya kuuliza chochote. Mafuta ya mgongo ni meupe na magumu, ukiyabonyeza kwa kidole yanakataa. Ya tumboni yanabonyea, na ukiyashika kidogo tu vidole vinateleza. Ya mgongo ndiyo unayoyataka, kwa sababu yanastahimili joto muda mrefu zaidi kabla ya kuyeyuka. Nyama iwe imekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Ukikuta ndani yake vijifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele, hayo ni mabuu ya tegu, usiipike wala kumgawia mtu.

Vipimo vyangu ni vya kilo 2, kwa kuwa mashine ya nyumbani na friji ya nyumbani vinazimudu bila papara. Bega lililotolewa mishipa na ngozi, kilo 1.7. Mafuta ya mgongo, gramu 300. Bega lenyewe lina mafuta yake, hivyo jumla inafika kama robo hadi theluthi ya mchanganyiko wote. Ukishuka chini ya hapo soseji inakuwa kavu hata ukifanya mengine yote sawasawa, na wale wanaopunguza mafuta kwa nia njema ndio hao hao wanaolalamika baadaye. Chumvi ya kawaida, gramu 32. Chumvi ya nitriti, gramu 5. Paprika tamu gramu 16, pilipili manga iliyopondwa sasa hivi gramu 6, mbegu za giligilani zilizokaangwa kavu na kutwangwa gramu 4, bizari nyembamba gramu 4, pilipili kali ya unga gramu 4, sukari gramu 6, kungumanga gramu 1. Kitunguu saumu gramu 12, kilichosagwa kikawa uji. Maji ya barafu mililita 150.

Viungo vibadilishe upendavyo. Toa bizari, weka shamari, ongeza pilipili, ni soseji yako. Chumvi mbili zile usiziguse.

Hapa nitasimama kwa muda. Soseji ikiwa ndani ya moshi iko mahali penye uvuguvugu, penye unyevu, na hewa haifiki katikati ya nyama. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum hapendi kitu kuliko hicho. Ugonjwa wenyewe, botulismu, umepata jina lake kutoka neno la Kilatini botulus, yaani soseji. Daktari mmoja wa Ujerumani, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliodhurika na soseji katika miaka ya 1820, wakati hakuna aliyejua sumu inatoka wapi. Bakteria mwenyewe alikuja kutambuliwa na Émile van Ermengem wa Ubelgiji, aliyetangaza kazi yake mwaka 1897 baada ya watu kuugua kwa kula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukushtua. Kinachomzuia bakteria huyo asikue wakati nyama inapita kwenye joto la kati ni nitriti, kiasi kidogo sana, lakini lazima kiwepo na lazima kiwe sahihi.

Chumvi ya nitriti ninayoitumia ina nitriti ya sodiamu asilimia 6.25, iliyobaki ni chumvi ya kawaida. Gramu 2.5 kwa kila kilo ya nyama zinaleta kama miligramu 156 za nitriti kwa kilo. Hicho ndicho kipimo. Soma kibandiko cha pakiti yako kabla ya kufuata namba zangu, maana zipo chumvi nyingine za kuhifadhia nyama ambazo nitriti yake haifiki hata asilimia 1, na hizo hutumika badala ya chumvi yote. Ukizichanganya hesabu, ama umeweka pungufu ukajiachia hatari, ama umezidisha. Nitriti ikizidi ni sumu, inaizuia damu kubeba oksijeni. Kwa hiyo usipime kwa kijiko, wala kwa jicho. Tafuta mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko kimoja kikiwa na kilima na kingine kikiwa sawa na ukingo, tofauti yake ni kubwa kuliko unavyoweza kuona.

Chumvi hiyo hutiwa rangi ya waridi makusudi, ili isifanane na ya mezani. Isichanganywe na ile chumvi ya mawe yenye rangi ya waridi ya asili, ambayo ni ya kula tu na haihifadhi soseji. Nyumbani kwangu chumvi ya nitriti iko kwenye kopo lenye maandishi makubwa, juu kabisa ya kabati, peke yake. Zamani nilikuwa naiweka pamoja na viungo vingine. Asubuhi moja mpwa wangu akanyoosha mkono kuchukua chumvi ya mayai, akashika kopo hilo hilo. Nilimwahi. Kopo lilihama siku ile ile.

Sasa baridi. Kata nyama na mafuta vipande vya sentimita 3 hivi, vitandaze kwenye sinia visibebane, uingize kwenye friza. Kwa friza langu ni dakika 45 hadi saa nzima. Usingoje saa, ngoja nyama. Kipande kikiwa tayari kingo zake zimekaza, ukikibonyeza katikati bado kinabonyea kidogo. Kikiganda kabisa mashine itagoma. Wakati nyama iko humo, weka na vyuma vya mashine vyenyewe: parafujo, kisu, sahani yenye matundu. Hata bakuli la kupokelea. Chuma chenye joto la jikoni kinaipokonya nyama baridi yote uliyoihangaikia.

Saga kwa sahani ya matundu ya milimita 6, na utazame kinachotoka. Tazama kweli, usiangalie pembeni. Nyama iliyo sawa inatoka kama nyuzi fupi, nyekundu na nyeupe zikiwa mbalimbali, unaweza kuyahesabu mafuta punje kwa punje. Ikianza kutoka kama dawa ya meno, rangi moja ya waridi iliyopauka, na upande wa nje wa sahani ukapakwa utando mweupe, simama. Ama mafuta yamepata joto, ama kuna mshipa umejisokota kwenye kisu nacho kinaponda badala ya kukata. Fungua mashine, toa mshipa, rudisha kila kitu kwenye friza nusu saa. Nimewahi kujisemea kwamba imebaki robo tu, wacha nimalize. Robo hiyo ndiyo iliyovujisha mafuta kesho yake, na ilikuwa imeshachanganyika na nzuri, sikuwa na njia ya kuitenga. Mafuta yakishapakwa namna hiyo yamekwisha, hayarudi kuwa punje.

Katika kazi hii yote nyama isivuke nyuzi 4 za selsiasi kwa muda mrefu. Mimi huchomeka kipimajoto kwenye bakuli kila hatua, na kikisoma 7 au 8 narudisha kwenye friji bila ubishi.

Nyunyizia chumvi zote mbili na viungo, huku chumvi ya nitriti ukiwa umeikoroga kwanza kwenye yale maji ya barafu ili ienee kote. Kisha kanda. Wengi wanachanganya tu mpaka rangi ya viungo ionekane kila mahali, wanaona imetosha. Haijatosha. Chumvi inaitoa ndani ya nyama protini iitwayo miosini, na miosini ndiyo gundi inayoshika maji na mafuta pamoja. Inatoka kwa kukandwa. Kwa mikono ni dakika 4 au 5 za nguvu, na vidole vitauma kwa baridi. Hilo ni jema, maana yake nyama bado iko salama. Utahisi inabadilika: mwanzo inaachana kama kokoto zilizolowa, halafu inaanza kuvutana, mwisho inaacha nyuzi nyembamba kwenye vidole ukivitenganisha. Chukua donge la ukubwa wa limau, ulibonyeze kwenye kiganja, kisha geuza kiganja kitazame chini. Likining'inia bila kudondoka, imetosha. Likidondoka, endelea.

Kabla ya kujaza, kaanga kipande kidogo ukionje. Hapo ndipo mahali pa mwisho pa kurekebisha pilipili au kitunguu saumu. Kumbuka kwamba kesho viungo vitakuwa vimekolea zaidi, kwa hiyo ukikiona kikali kiasi tu, kiache.

Utumbo wa nguruwe wenye kipenyo cha milimita 32 hadi 35 huja umehifadhiwa kwa chumvi. Suuza, loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa hadi saa moja, halafu fungulia maji yapite ndani ya kila mmoja; hapo ndipo matundu yanapoonekana. Kwa kilo 2 huloweka mita 3 na nusu, nikijua kwamba kama moja itabaki. Vuta utumbo kwenye mrija wa mashine uliolowa maji, jaza kwa mwendo mmoja bila kukimbia. Usijaze mpaka ukakaza kama ngoma, kwa sababu bado utausokota. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unaushika utumbo pale unapotokea na kuamua unene. Wenye kazi ni huo wa pili. Ukimaliza, bana kila sentimita 15, sokota moja kuelekea mbele na inayofuata kuelekea nyuma ili zisifumuke. Viputo vya hewa vitoboe kwa sindano uliyoipitisha kwenye moto.

Kisha friji, usiku mzima, soseji zikiwa zimelazwa juu ya wavu bila kufunikwa. Muda wa saa 12 ni mzuri. Nitriti inafanya kazi yake polepole na nyama inakolea chumvi mpaka katikati, huku ngozi ikianza kukauka. Usishtuke ukiikuta asubuhi imekuwa ya kahawia iliyofifia, hata kijivu. Itarudi. Joto la moshi ndilo litakalofunga ule wekundu wake.

Kuhusu moshi wenyewe sasa. Si lazima uwe na tanuri la kununua. Pipa la chuma lenye mfuniko au jiko la mkaa lenye kifuniko, moto ukiwa upande mmoja na soseji upande wa pili, vyote vinafanya kazi, mradi upate kuona joto. Weka kipimajoto usawa wa soseji, siyo kwenye mfuniko, kwa sababu tofauti yake inaweza kuwa nyuzi 20. Mbao ziwe za mti mgumu, kavu, zisizo na utomvu wa kunata: mwaloni, mtufaha, mpera. Msonobari na jamii yake wana lami inayoacha uchungu. Mbao zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa au za kugandishwa kwa gundi usizikaribishe kabisa. Moshi mzuri ni mwembamba, wenye rangi ya samawati iliyofifia, unauona kwa shida. Ukitoka mweupe mzito kama wa majani mabichi, moto umekosa hewa; fungua tundu la chini usubiri kabla ya kuingiza soseji.

Zitundike zisigusane. Zikigusana, pale zilipogusana patabaki peupe na palaini. Saa ya kwanza ni ya kukausha tu, nyuzi 50 hadi 55, matundu yote wazi, bila moshi. Pitisha nyuma ya kidole kwenye ngozi: ikiwa kavu na inanata kidogo kama karatasi iliyopakwa gundi ikakaribia kukauka, ni tayari. Ngozi yenye maji hushika moshi kwa mabaka meusi yenye ladha kali ya masizi. Halafu moshi, nyuzi 60 hadi 65, kama saa 2. Halafu pandisha hadi 75, usizidi 80, mpaka joto la ndani ya soseji lifike 71.

Hapo katikati kuna mtihani. Joto la ndani litapanda vizuri mpaka karibu na 60, kisha litakaa pale pale, pengine saa nzima. Unyevu unaotoka kwenye ngozi unaipoza soseji kwa kadiri moto unavyoipasha. Mkono utawasha kuongeza makaa. Usiongeze. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliongeza, tanuri likafika 95, na nilipofungua nikakuta soseji zimesinyaa kama vidole vilivyokaa majini na mafuta yakidondokea makaa. Siku hizi zikikwama kwa muda mrefu nazitoa, naziweka kwenye sufuria ya maji yenye nyuzi 75, yasiyochemka, nikiyapima. Dakika 15 hadi 25 zinafika 71. Moshi ulioshika hautoki, na nyama inabaki na maji yake. Kwa kweli naipenda njia hii kuliko kuzimalizia tanurini.

Usihukumu kuiva kwa rangi. Nyama yenye nitriti hubaki ya waridi hata ikiiva kabisa, kwa hiyo kipimajoto ndiyo shahidi wako wa pekee. Kichomeke kutoka nchani kuelekea katikati, kwenye soseji nene kuliko zote, na ukague angalau tatu.

Zikishafika, ziingize mara moja kwenye maji ya barafu au zimwagie maji baridi mpaka zipoe mkononi. Hili linazuia ngozi isikunjamane na linasimamisha kuiva. Kisha zifute, zitundike mahali penye hewa kwa saa moja. Hapo rangi inakomaa mbele ya macho yako, kutoka wekundu uliofifia mpaka kahawia ya shaba. Nikimaliza kuosha vyombo huwa narudi kuzitazama.

Baada ya hiyo saa moja, friji. Moshi na chumvi ya kiasi hiki havitoshi kuzihifadhi nje, hata kama zinaonekana kavu. Kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake kula ndani ya wiki moja. Zilizobaki zifunge zisiingie hewa, ziende kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri. Ladha inakaa vizuri miezi miwili hivi, baadaye mafuta yanaanza kuchacha.

Na usizikate siku hiyo hiyo, ingawa nyumba nzima itakuwa inanukia. Siku ya kwanza moshi umekaa kwenye ngozi tu, unakuwasha ulimi halafu unakutana na nyama isiyoujua. Ngoja kesho. Tumia kisu chembamba, kata mshazari, vipande vya unene wa nusu sentimita, na uangalie uso wa kipande: punje nyeupe za mafuta zikiwa zimesimama moja moja ndani ya nyama ya waridi, kila moja na kingo zake.